Usifute Nukta: Kusafisha Picha ya Hati ya Kale kwa Mofolojia ya Kihisabati

Andika "tena" kwa herufi za Kiarabu, kisha chini yake andika "nena". Mwanzoni mwa neno, te na nuni ni jino lile lile. Kinachozitenga ni nukta: te ina mbili juu yake, nuni ina moja. Ifute nukta moja, "tena" inasomeka "nena". Zifute zote mbili, msomaji anabaki na jino tupu ambalo laweza kuwa be, te, the, nuni au ye, na hapo hata mjuzi wa tenzi huanza kukisia kwa kufuata vina na mizani.

Nayasema haya mapema kwa sababu nimewahi kuzifuta. Nilikuwa na picha za daftari la mashairi, karatasi imeingiwa na unyevu, kila ukurasa umejaa vidoadoa vya kahawia. Nikapitisha chujio la kulainisha lililokuja na programu, kurasa zikatoka safi na za kupendeza. Siku nilipoketi na mzee mmoja kuzisoma, alisimama mstari wa tatu akaniuliza nukta ziko wapi. Zilikuwa zimekwenda pamoja na madoa. Picha za asili nilikuwa nazo bado, nikaanza upya, na tangu hapo nimefanya kazi hii kwa kanuni moja: kipimo cha kusafishia hutoka kwenye nukta. Ukubwa wa doa huja baadaye.

Hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina zile zilizokusanywa na J. W. T. Allen, SOAS ya London ina za William Hichens na W. E. Taylor, na nyingine zimo masandukuni mwa watu Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija: barua, hati za ndoa na za mirathi, qasida, tenzi. Kama unayo hata moja, mwongozo huu ni wako. Utahitaji kompyuta ya kawaida na programu ya bure ya ImageJ, au nduguye Fiji, pamoja na kiambatisho kiitwacho MorphoLibJ. Ukiwa mwandishi wa msimbo wa Python, hesabu zote nitakazozitaja zimo ndani ya scikit-image, na nyingi zimo pia ndani ya OpenCV.

Kabla ya kugusa kitufe

Skani kwa rangi, kwa pikseli 600 kwa inchi ikiwa skana inaweza, na usishuke chini ya 300. Kwa 300, milimita moja ya karatasi inakuwa pikseli 12 hivi. Kwa 600, karibu 24. Ukiwa na simu tu, piga picha mchana, karibu na dirisha lakini si juani, simu ikiwa sambamba na karatasi, flashi imezimwa. Usikubali kamwe kuskani kwa nyeusi na nyeupe tupu. Mashine ikishaamua kwamba kila pikseli ni wino au si wino, imekunyang'anya viwango 256 vya kijivu ambavyo ndivyo malighafi ya kila kitu kinachofuata.

Hifadhi kwa TIFF. JPEG hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuacha mawimbi hafifu kuzunguka wino, na mawimbi hayo yana ukubwa ule ule wa vidoa unavyotaka kuviondoa. Utakuwa unapigana na uchafu ulioutia mwenyewe.

Kisha tenganisha rangi. Picha ya rangi ni picha tatu za kijivu zilizolaliana: nyekundu, kijani na buluu. Madoa ya maji, ya chai na ya uzee wa karatasi ni ya kahawia, na kahawia hurudisha mwanga mwekundu vizuri. Kwa hiyo katika picha nyekundu madoa hufifia, na wino mweusi wa masizi hubaki mweusi. Mara nyingi hatua hii peke yake huondoa nusu ya tatizo. Ila tazama kwanza kama mwandishi alitumia wino mwekundu, kwa vichwa vya habari au alama za kutenga beti, maana katika picha nyekundu wino huo nao hutoweka. Ukiuona, chukua picha ya kijani.

Mwisho, geuza picha: nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi. Vitabu vya fani hii hudhania kwamba kitu unachokitafuta kinang'aa juu ya giza. Usipogeuza, amri ya kumega itanenepesha wino, amri ya kutanua itaukondesha, na utashangaa kwa nini kila kitu kinakwenda kinyume. Kuanzia hapa, nikisema "juu" au "kubwa", nina maana ya wino.

Sasa pima kalamu. Kuza picha mpaka uone nukta moja moja na upime upana wa nukta kumi kutoka sehemu mbalimbali za ukurasa. Mwandishi wa kalamu ya mwanzi hutengeneza nukta kwa kuisukuma ncha ya kalamu upana wake mwenyewe, kwa hiyo nukta ni mraba uliolala upande, wenye ubavu sawa na ncha. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayehesabiwa kuwa alizijengea herufi mizani yake juu ya nukta hiyo. Kwetu sisi nukta inafanya kazi nyingine ya kupimia. Katika maandishi ya haraka nukta hupungua, kwa hiyo chukua ile ndogo kuliko zote kumi, uiandike pembeni. Pima pia nafasi iliyo kati ya nukta mbili za te. Namba hizi mbili ndizo zitakazokuongoza mpaka mwisho.

Kumega na kutanua

Mofolojia ya kihisabati ilizaliwa Ufaransa mwaka 1964, mbali kabisa na maandishi. Jean Serra, akiwa mwanafunzi wa Georges Matheron katika École des Mines ya Paris, alikuwa akichunguza mawe ya chuma ya Lorraine ili kujua yatasagika vipi. Swali lake lilikuwa la umbo: punje hii ina ukubwa gani, imeshikana na nani, nini kinaingia katika nafasi iliyo kati yake na jirani? Jibu walilolipata ni kuchukua kipande chenye umbo linalojulikana, tukiite kipimio, na kukipitisha kila mahali ndani ya picha kuona wapi kinaenea.

Katika picha ya kijivu jambo hilo linakuwa hesabu rahisi mno. Weka kipimio juu ya pikseli, tazama thamani zote zilizo chini yake, uchukue ndogo kuliko zote: huko ni kumega. Chukua kubwa kuliko zote: huko ni kutanua. Katika ImageJ utavikuta chini ya vichujio kwa majina "Minimum" na "Maximum". Mega kisha tanua kwa kipimio kile kile, umefungua. Tanua kisha mega, umefunga. Hakuna kujumlisha wala kugawanya popote, na hilo lina matokeo makubwa kuliko linavyoonekana.

Tazama mstari mmoja wa pikseli, picha ikiwa imeshageuzwa. Karatasi ni 40, wino ni 200, na kuna kidoa cha pikseli moja chenye 190:

40 40 190 40 40 40 200 200 200 200 200 40 40

Fungua kwa kipimio cha pikseli tatu. Ukimega, kidoa kinakufa kwa sababu kila upande kina jirani wa 40, na mstari wa wino unabaki na pikseli tatu za katikati. Ukitanua, wino unarudi kwenye upana wake, lakini kidoa hakina mbegu ya kukirudisha:

40 40 40 40 40 40 200 200 200 200 200 40 40

Sasa fanya kile ambacho vichujio vingi hufanya, wastani wa pikseli tatu:

40 90 90 90 40 93 147 200 200 200 147 93 40

Kidoa hakijaondoka. Kimekuwa kifupi na kipana. Ukingo wa herufi, uliokuwa mkali kama kisu, umekuwa mteremko. Ulainishaji wa Gauss ni ndugu wa wastani huu, wenye uzito mkubwa katikati na mdogo pembeni, na tabia yake ni ile ile: hutawanya. Ufunguzi haujui kutawanya. Kitu ama kinatosha kukipokea kipimio, nacho kinabaki, ama hakitoshi, nacho kinaondolewa mpaka usawa wa karatasi.

Chekeche

Matheron aliona kwamba kufungua kwa vipimio vinavyozidi kukua ni sawa na kupitisha nafaka kwenye chekeche. Mwenye kuchekecha anajua mambo mawili bila kufundishwa. Ukipitisha unga mara ya pili kwenye chekeche ile ile, hakuna jipya litakalotokea. Na ukipitisha kwenye chekeche mbili za matundu tofauti, bila kujali ipi ilitangulia, kinachobaki juu ni kile ambacho kingezuiwa na yenye matundu makubwa. Matheron aliyafanya hayo kuwa masharti ya kihisabati. Fungua kwa duara la nusukipenyo 3, kisha la 4, na umepata kile kile ambacho ungepata kwa 4 peke yake. (Kwa maduara ya pikseli usawa huu hulegea kidogo, kwa sababu duara la pikseli si duara kamili.)

Linganisha na Gauss. Ukilainisha kwa upana wa 3 kisha wa 4, umelainisha kwa upana wa 5, kwa kuwa miraba yake hujumlishwa: 9 na 16 ni 25. Kila mara unapopita, unafuta zaidi. Watu wengi hupitisha chujio mara mbili au tatu "kwa uhakika" bila kujua kwamba wamekwenda mbali na pale walipodhani wapo. Kwa chekeche kosa hilo haliwezekani.

Wazo la kuitazama picha kwa ngazi nyingi kwa pamoja, kuanzia iliyo kali hadi iliyolainika kabisa, lina historia yake upande wa Gauss pia: Andrew Witkin aliliandika mwaka 1983, Jan Koenderink wa Uholanzi mwaka 1984, na kabla yao Taizo Iijima wa Japani. Walitaka ngazi ya juu isizue kitu ambacho ngazi ya chini haikuwa nacho. Kwa mstari mmoja wa thamani, Gauss hulitimiza sharti hilo. Kwa picha yenye urefu na upana, kuna nyakati kilele kipya huchomoza mahali ambapo hapakuwa na kilele. Mwaka 1996 Paul Jackway na Mohamed Deriche walionyesha kwamba ukipanda ngazi kwa kutanua upande mmoja na kumega upande wa pili, idadi ya vilele haiongezeki kamwe, hata picha iwe na vipimo vingapi. Kwa msomaji wa hati, hilo lina maana nyepesi: unataka chombo kisichoweza kukuzulia nukta.

Chekeche ina kazi ya kwanza kabla ya kusafisha, nayo ni kupima. Fungua picha kwa duara la nusukipenyo 1, andika wastani wa kijivu wa picha nzima (katika ImageJ bonyeza M). Rudi kwenye picha ya mwanzo, fungua kwa 2, andika. Endelea mpaka upite upana wa kalamu. Wastani utakuwa unashuka. Tazama unashuka kwa kasi wapi. Kushuka kwa 1 na 2 ni chembe za karatasi na kelele za skana. Kisha huja utulivu. Kushuka kwa pili ni mistari myembamba ya herufi, na kushuka kukubwa kabisa ni pale duara linapozidi ncha ya kalamu, ambapo nukta na tumbo la herufi huondoka kwa pamoja. Ukiwa na ncha ya milimita 1 iliyoskaniwa kwa 600, hapo ni karibu na nusukipenyo 12, kwa kuwa duara la nusukipenyo 12 lina upana wa pikseli 25. Bonde la utulivu kati ya chembe na mistari myembamba ndilo uwanja wako wa kazi. Kama halipo, yaani chembe na herufi zimegusana kwa ukubwa, acha hapo. Hati hiyo inataka skani bora, na hakuna chujio litakaloiokoa.

Kuondoa doa kubwa

Doa la maji lililofunika robo ya ukurasa haliondolewi kwa kulifukuza. Huondolewa kwa kulitenganisha. Chukua kipimio kikubwa, mara tatu ya upana wa kalamu au zaidi, ufungue. Hakuna herufi itakayobaki, maana hakuna wino wenye upana huo. Kinachobaki ni picha ya karatasi peke yake, na doa lake na kivuli cha mkunjo wake. Sasa toa picha hiyo kutoka kwenye ile uliyoanza nayo. Karatasi inakuwa nyeusi sawasawa kila mahali, wino unabaki juu yake. Wenye fani huiita kofia ndefu, na kwenye MorphoLibJ utaikuta kwa jina "White Top Hat". Fernand Meyer, wa École des Mines ile ile, ndiye aliyeianzisha miaka ya 1970.

Tahadhari mbili. Kichwa cha hati kilichopambwa kwa wino mnene kinaweza kuwa kipana kuliko kipimio chako, nacho kitahesabiwa kuwa doa. Kikate ukishughulikie peke yake. Na doa la maji lina ukingo mwembamba wa kahawia pale maji yalipokaukia. Ukingo huo una upana wa mstari wa kalamu, hivyo utabaki. Usijaribu kuuondoa kwa kuongeza nguvu. Uache, msomaji atautambua.

Usiogope muda. Ukurasa wa A4 kwa 300 una pikseli zipatazo milioni 8.7, na kipimio cha mraba wa 61 kwa 61 kina pikseli 3,721. Ukizizidisha utadhani kompyuta italala. Lakini mraba unaweza kugawanywa kuwa mstari mlalo na mstari wima, na tangu Marcel van Herk alipochapisha njia yake mwaka 1992, mstari wa urefu wowote unahesabiwa kwa milinganisho isiyozidi mitatu hivi kwa kila pikseli. Kwa hatua hii ya karatasi tumia mraba. Umbo lake halina madhara hapa.

Kuondoa vidoa, kubakiza nukta

Hapa ndipo penye ugumu, nami nitakaa hapa kidogo.

Njia inayokuja kichwani kwanza ni kufungua kwa duara dogo kuliko nukta na kubwa kuliko kidoa. Nukta zitapona. Mistari myembamba haitapona: kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari huandika mstari mnene ikienda upande mmoja na mwembamba kama uzi ikienda upande mwingine, na ule uzi ni mwembamba kuliko nukta. Irabu nazo, fataha na kasra, ni vijistari vyembamba vilivyojitenga na kila kitu. Duara litazichukua zote.

Basi badilisha kipimio. Badala ya duara, tumia mstari mnyoofu, na uufungulie picha mara nyingi: mlalo, wima, na mishazari yote ya kati, mielekeo 8 au 12. Kisha kwa kila pikseli chukua matokeo makubwa kuliko yote. Mstari wa herufi, hata ukiwa mwembamba vipi, una mwelekeo mmoja angalau ambao kipimio kinalala ndani yake. Fataha vivyo hivyo. Nukta inaupokea mstari kwa kila upande, mradi mstari ni mfupi kuliko nukta. Kidoa hakina urefu upande wowote, kinaondoka. MorphoLibJ ina amri ya hili, "Directional Filtering", inayokuuliza urefu wa mstari na idadi ya mielekeo.

Urefu huo uwe kiasi gani? Rudi kwenye namba uliyoiandika pembeni. Uwe mfupi kuliko nukta ndogo uliyopima, mrefu kuliko vidoa vilivyo vingi. Kama nukta ndogo ina pikseli 18 na vidoa vingi vina 4 au 5, anza na 9. Usisogee karibu na 18 kwa tamaa ya ukurasa safi zaidi. Kidoa kilichobaki hakimdanganyi msomaji kama nukta iliyopotea.

Matokeo ya hatua hii yatakuwa na kona zilizokatika na mikunjo ya herufi iliyokwaruzwa, kwa sababu mstari mnyoofu haukai vizuri kwenye tumbo la nuni. Hapo ndipo unapoleta ujenzi upya. Chukua picha iliyofunguliwa kama mbegu, na picha ya kabla ya kufungua kama mpaka. Tanua mbegu kidogo, ikate isizidi mpaka, tanua tena, kata tena, mpaka isiwe na pa kwenda. Kila herufi iliyobakiza hata kipande kimoja hujijaza yote kwa umbo lake la asili, pikseli kwa pikseli, na kidoa ambacho hakikuacha mbegu hakirudi. Luc Vincent alichapisha mwaka 1993 namna ya kulifanya hili kwa haraka, na leo ni suala la sekunde chache.

Ujenzi huo huo unaondoa wino wa upande wa pili uliopenya karatasi. Wino huo una ukubwa wa herufi, hivyo hakuna chekeche itakayoukamata, lakini ni hafifu. Punguza picha nzima kwa kiwango fulani cha kijivu, tuseme 40, uifanye mbegu, ujenge upya chini ya picha ya asili. Kilele kisichofika 40 juu ya mazingira yake hulala. Jaribu kwa 20, 30, 40, na usimame pale irabu hafifu zinapoanza kufifia.

Kufunga kunahitaji mkono mwepesi zaidi. Huunganisha mistari iliyokatika pale wino ulipobanduka, na kishawishi ni kukuza kipimio mpaka kila herufi iungane. Kumbuka ile namba ya pili, nafasi kati ya nukta mbili za te. Kipimio cha kufunga kikiizidi, nukta mbili zinakuwa moja, na tumerudi kwenye "nena". Ukiwa na uchafu wa aina zote mbili, vidoa vya wino juu ya karatasi na vitobo ndani ya wino, panda ngazi kwa zamu: fungua kwa 1, funga kwa 1, fungua kwa 2, funga kwa 2. Stanley Sternberg na Serra waliijenga njia hii ya zamu miaka ya 1980. Kuruka moja kwa moja hadi ngazi ya mwisho hutoa matokeo mabaya, kwa sababu ufunguzi mkubwa unaokutana na wino wenye vitobo huuona kama vipande vidogo na kuutupa wote. Ngazi ndogo huziba vitobo kwanza.

Gauss naye ana nafasi yake. Kelele laini za skana au simu, zile zinazofanya karatasi iwe na mchanga wa 38, 41, 43, hutulia kwa Gauss wa upana wa pikseli 1 kabla ya chekeche, bila madhara ya kuonekana. Na ukitaka kompyuta ikutafutie mistari ya shairi, lainisha nakala kwa Gauss mpana mno kwa mlalo na mfinyu kwa wima. Kila mshororo unakuwa utepe mmoja mrefu, na hapo unajua pa kukata. Ni nakala ya kutafutia tu. Usiisome.

Ukihitaji nyeusi na nyeupe kwa ajili ya kuchapa, ifanye sasa, mwishoni. Kizingiti cha Nobuyuki Otsu cha mwaka 1979, kilichomo katika kila programu, hufanya kazi vizuri karatasi ikishasawazishwa, na hufanya vibaya sana kabla ya hapo. Kwa kusoma kwa macho, baki na kijivu.

Kisha chukua picha ya kabla ya kuondoa vidoa na ya baada, utoe moja kutoka kwa nyingine. Kilichobaki mbele yako ni kila ulichokitupa. Kigeuze kirudi kuwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, kikuze, ukipitie mshororo kwa mshororo kama unayesoma, ukitafuta miraba midogo iliyolala upande, hasa inayokaa miwili miwili au mmoja juu ya jino. Ukiipata mitatu katika ukurasa mmoja, punguza urefu wa mstari kwa pikseli mbili, urudie. Andika urefu ulioishia nao katika jina la faili, pamoja na idadi ya mielekeo na kiwango cha kijivu ulichopunguza, na uiweke karibu na picha ya asili ambayo hujaigusa.